Je, wajua kwa nini dawa ya kutuliza akili huweza kupinda shingo?

Tuchukue mfano wa kijana mvuvi wa dagaa wa Kibirizi, Kigoma, ambaye kwa siku kadhaa hapati usingizi, anazungumza bila kukoma, anagawa fedha kwa watu asiowajua na kudai kwamba wiki ijayo atainunua meli ya Liemba. Hospitalini anaambiwa ana baipola, ugonjwa unaompandisha mtu katika msisimko uliopita kiasi na wakati mwingine kumshusha katika huzuni nzito, kisha anachomwa sindano ya haloperidoli na kupewa vidonge vya kuendelea navyo nyumbani. Siku ya pili maneno yamepungua na usingizi umerudi, lakini ghafla shingo inavutwa upande mmoja, macho yanageukia juu na taya linakaza, ilhali fahamu anazo na anasikia kila kinachosemwa. Wapo watakaosema ni pepopunda, wapo watakaosema amerogwa upya, na vidonge vitaishia jalalani.

Chanzo chake ni dopamini, mojawapo ya kemikali ambazo chembe za ubongo hutumia kupelekeana taarifa. Dopamini haina kazi moja. Katika sehemu fulani za ubongo huhusika na hamasa na uzito ambao mtu huyapa mawazo yake, na huko ndiko inakodhaniwa kuzidi wakati wa msisimko. Katika sehemu nyingine husaidia misuli kwenda kwa utaratibu. Dawa za kutuliza akili kama haloperidoli huvikalia vipokezi vya dopamini, yaani sehemu za chembe ambazo dopamini hushikamana nazo, na kuizuia isifanye kazi, na kwa kuwa husafiri na damu, haziwezi kukizuia chumba kimoja na kukiacha cha jirani. Picha za ubongo zimeonyesha kwamba nafuu kwa kawaida huanza pale takriban asilimia 65 ya vipokezi vinapokaliwa, na kwamba karibu na asilimia 80 matatizo ya misuli huongezeka, kwa hiyo daktari anayepanga dozi hupita katika njia nyembamba kweli kweli.

Kwenye eneo linaloratibu misuli, dopamini hupimana nguvu na kemikali nyingine iitwayo asetilikolini, mithili ya pande mbili za mizani. Upande mmoja ukizuiwa, wa pili hulemea, na misuli hukaza. Ndiyo maana sindano ya promethazini, ambayo pamoja na kazi nyingine hupunguza nguvu ya asetilikolini, huweza kuinyoosha shingo mara nyingi ndani ya nusu saa, na ndiyo maana wagonjwa wengi huandikiwa vidonge vya Artane, ambavyo navyo hupunguza nguvu ya asetilikolini, pamoja na haloperidoli. Hata metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, huweza kumpinda shingo mtu ambaye hajawahi kuugua akili maishani mwake, kwa sababu nayo huzuia dopamini.

Lililo gumu kutambua, kwa maoni yangu, ni lile la miguu kutotulia. Mgonjwa huhisi msukumo wa ndani wa kusimama, kutembea, kukaa na kusimama tena, naye hushindwa kuueleza. Ndugu humwona akizunguka uani wakadhani msisimko umerejea, wakaomba aongezewe dawa, na dawa ikiongezwa mateso huongezeka, wakati pengine alihitaji kupunguziwa dozi au kupewa propranololi.

Kwa wanawake, hedhi huweza kukoma na maziwa kutoka bila ujauzito, kwa kuwa dopamini ndiyo inayoizuia homoni ya maziwa. Risperidoni, dawa nyingine ya kundi hili, inajulikana zaidi kwa jambo hili. Olanzapini, iliyoanza kutumika miaka ya 1990, hukaza misuli mara chache kuliko haloperidoli, lakini huchochea njaa na kuongeza uzito na sukari ya damu. Ugali wa muhogo na migebuka ya mawese, vilivyomshibisha mtu jana, leo havimtoshi.

Wavuvi wana tatizo lao. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na kukosa usingizi ni miongoni mwa mambo yanayoweza kuamsha msisimko wa baipola, ilhali nyingi ya dawa hizi huleta usingizi, na baadhi hushusha shinikizo la damu mtu anapoinuka ghafla, jambo la hatari kwa anayesimama ukingoni mwa mtumbwi. Kazi ya usiku inafaa itajwe mapema kwa daktari. Klopromazini, nayo ya kundi hili, huifanya ngozi iungue jua kwa urahisi, na anayeanika dagaa mchangani mchana kutwa atahitaji kofia na mikono mirefu.

Mengi ya hayo huitwa maudhi ya dawa, na hurekebishwa bila kuacha matibabu ghafla, kwani kuacha ghafla huweza kuurudisha ugonjwa. Moja tu halisubiri hata saa chache: homa kali, mwili kukakamaa kama gogo, jasho jingi na kuchanganyikiwa, hasa dawa ikiwa imeanzishwa au kuongezwa karibuni. Ni nadra, lakini huua. Kigoma kila homa hushukiwa kuwa malaria, na kupima malaria ni sawa. Ila anayempeleka mgonjwa achukue pakiti ya vidonge vyake na kumwonyesha mhudumu kabla ya jambo lingine lolote.