Una masaa 11 Dubai? Usilale kwenye kiti, nenda Deira

Kila wiki lazima nipate voisi ileile WhatsApp. "Kaka nimepata tiketi bei poa ya Guangzhou ila inakaa Dubai masaa 11, sasa hapo nafanyaje?" Mi nakata tiketi Kariakoo, mwaka wa 12 huu, na Dubai yenyewe nimepita mara nyingi kuliko nilivyoenda kijijini kwetu, kwaiyo leo naandika yote halafu mtu akiuliza namtumia linki.

Kwanza kabisa viza. Watu wanadhani ukiwa transiti mlango uko wazi, hapana. Pasipoti ya Tanzania, ya Kenya, ya Uganda zote zinahitaji viza ili utoke nje ya uwanja, na viza ya transiti haigongwi pale dirishani ukishafika, inaombwa kabla hujasafiri kupitia shirika la ndege la kule kule Emarati ambalo unaruka nalo. Ziko mbili, ya masaa 48 ambayo yenyewe ni bure na ya masaa 96 ambayo ni dirhamu 50, ada za huduma juu yake. Dirhamu haiyumbi, dola 1 ni dirhamu 3.67 miaka yote, kwaiyo ukijua dola imeamkaje bongo hesabu yako imeisha. Halafu muulize mtu wako wa tiketi siku ileile unayokata kama shirika linatoa hoteli kwa abiria ambao hawana ndege ya kuunganisha ya mapema zaidi, maana kuna mashirika yanatoa hoteli na viza humohumo ila ukienda kuulizia ukiwa umeshatua pale uwanjani unakuwa umechelewa.

Pili, tiketi moja au mbili? Hapa ndipo watu wanaumia. Kama safari nzima iko kwenye tiketi moja begi lako linaenda mpaka mwisho, wewe unatoka na kibegi cha mgongoni tu. Lakini kuna hawa wanaojikatia wenyewe mtandaoni, Dar–Dubai shirika hili, Dubai–Guangzhou shirika jingine, wameokoa dola 70 wanajiona wajanja. Sasa begi linaishia Dubai, ili ulichukue lazima upite uhamiaji, na uhamiaji hupiti bila viza. Nina mteja mmoja, mama wa vitenge, alizuiwa Dar pale pale kaunta ya kuchekia, tiketi zote mbili zikapotea, akanipigia analia. Na hata ukiwa na viza angalia terminali, kama ndege moja ni Terminal 3 na nyingine Terminal 2 ujue hizo mbili haziko pamoja, Terminal 2 iko ng'ambo ya barabara za kurukia na metro haifiki kule.

Tatu, saa. Dubai iko mbele yetu saa 1. Alafu tiketi inaandikwa 00:50 tarehe 15, wewe Mswahili unasoma tarehe 15 unajua ni usiku wa tarehe 15, kumbe ni usiku wa kuamkia 15, yani tarehe 14 ukishakula chakula cha usiku unatakiwa uwe uwanjani! Hii imewaponza wengi sana mpaka sahivi kila tiketi naandika kwa peni nyekundu, "usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano".

Haya, hesabu. Una masaa 11. Toa saa 1 na nusu ya kushuka, kutembea (pale mnatembea kweli) na foleni ya pasipoti. Toa masaa 3 ya kurudi, maana unapita tena uhamiaji, tena ukaguzi, na kama geti lako liko Concourse A, yani jengo la mageti lililo mbali kidogo, unapanda kitreni cha ndani, na geti linafungwa dakika 20 kabla ya kuruka, halikusubiri. Umebaki na masaa 6 na nusu. Kama transiti yako nzima ni chini ya masaa 7 mi nakwambia kaa humohumo ndani, chaji simu, lala.

Kwa masaa 6 watu wote wanakimbilia Burj Khalifa. Sikukatazi, jengo lina mita 828 na ukisimama chini yake shingo inauma. Ila ukishuka kwenye metro unatembea kwenye ule mkorido mrefu mpaka unaingia Dubai Mall, mall yenyewe unapotea, ukitaka kupanda juu ni tiketi na foleni, ukija kushtuka muda umeisha na ulichokiona ni maduka na kiyoyozi. Mi mteja wangu namwambia nenda Deira, mtaa wa masoko ya zamani. Ni karibu na uwanja, ni rahisi, na ndiyo Dubai inayotuhusu sisi.

Metro iko hapohapo Terminal 3, laini nyekundu. Unakata tiketi ya Nol, ndiyo nauli ya metro, ile ya karatasi nyekundu inatosha kwa mtu wa mara moja, usipande treni inayoelekea Centrepoint, panda inayoenda upande wa pili. Unashuka Union, unabadilisha laini ya kijani, unapita Baniyas Square na Gold Souq, unashuka Al Ras. Ndani ya metro usitafune hata bablishi, faini dirhamu 100, na baba angalia usije ukasimama kwenye behewa la wanawake na watoto, mstari uko chini sakafuni, watu wanapigwa faini wakiwa wamesimama hatua moja tu upande wa pili. Treni zinaanza saa 11 alfajiri mpaka saa 6 usiku, Ijumaa zinaongeza saa moja, Jumapili zinachelewa kuanza mpaka saa 2 asubuhi. Ukitua usiku wa manane ni taksi, na taksi ya uwanjani mita inaanza dirhamu 25 kabla gurudumu halijazunguka. Dada zangu mnaosafiri peke yenu usiku, tafuteni yenye paa la pinki, dereva ni mwanamke.

Ukitokea Al Ras sokoni ni miguu tu. Soko la viungo, magunia ya ndimu kavu, zafarani, iliki, na karafuu ambazo utazinusa kabla hujaziona. Wauzaji wakikuona mweusi wanaanza, "mambo rafiki, karibu, bei poa", wamefundishwa na Kariakoo hao. Soko la dhahabu bei ya gramu imebandikwa ya siku hiyo kwa kareti 24, 22, 21, 18, hiyo huipunguzi, unachobishania ni pesa ya ufundi. Piga kelele hapo. Ijumaa mchana na saa za adhuhuri maduka mengi yanafungwa, na kama ni Juni mpaka Septemba usijitie ushujaa, hata mafundi ujenzi kule sheria inawakataza kufanya kazi juani kuanzia saa 6 na nusu mpaka saa 9 mchana kati ya Juni 15 na Septemba 15.

Kutoka sokoni unavuka barabara unafika kwenye Khor, ule mkono wa bahari. Hapo majahazi yamepanga foleni, yamepakia mafriji, matairi, mabanzi ya mbao, yanakwenda Irani na Somalia. Unapanda abra, kiboti cha mbao, mnakaa mmepeana migongo, dirhamu 1 mpaka ng'ambo. Dirhamu 1! Hakuna starehe ya bei hiyo mji mzima.

Ng'ambo ni Bur Dubai, tembea na maji kushoto kwako mpaka Al Fahidi, zile nyumba za zamani zenye minara ya kuvuta upepo. Zamani paliitwa Bastakiya kwa sababu waliojenga ni wafanyabiashara waliotoka Bastak, Irani, na miaka ya 1980 nusu ya mtaa ulivunjwa. Ingia nyumba yoyote iliyo wazi, vichochoro ni bure, halafu inua macho uangalie dari. Boriti. Mikoko ileile ya Rufiji na Lamu, ilipakiwa kwenye majahazi yakarudi nayo na upepo wa kusi, kule jangwani miti ya kuezekea waipate wapi. Pima chumba kwa hatua, hatua tatu nne umegusa ukuta wa pili, kwa sababu upana wa chumba unaamuliwa na urefu wa boriti, na ndiyo maana ukiingia nyumba ya mawe ya Lamu au ya Unguja chumba ni kirefu na chembamba vilevile. Mara ya kwanza kuliona hilo nilisimama pale mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa.

Kunywa chai ya maziwa kwenye kikombe cha karatasi, wanaiita karaki, dirhamu 1 au 2, kisha anza kurudi. Abra tena, Al Ras, Union, Terminal 3.

Mambo mawili ambayo sitaki mtu aniambie sikumwambia. Miraa kule ni dawa za kulevya, nasema na watu wa Nairobi na Mombasa, pekua mifuko ya koti kabla hujaondoka nyumbani. Na vidonge vya maumivu vya tramadol au vyenye kodeini hata kama umeandikiwa na daktari usibebe hivihivi, vinahitaji kibali cha kule.

Na vitu vya maji. Mwaka mmoja shangazi aliniagiza mafuta ya udi, nikanunua chupa nzuri ya mililita 250 pale Deira, nimebishana bei nusu saa nzima, nikaitia kwenye kibegi cha mgongoni wakati begi kubwa limeshatangulia. Kwenye ukaguzi kijana akaitoa, akaitazama, akanionesha maandishi ya mililita 100 ukutani. Nikamuomba dakika moja. Nikajipaka shingoni, mikononi, kwenye shati, mpaka ndevu, halafu nikampa chupa. Jirani yangu kwenye ndege aliomba kuhamishwa kiti.