Usitupe kopo la maua mwezi wa Agosti

Kila kipupwe kikielekea mwisho, makopo ya maua yaliyoning'inia kwenye varanda za Mbeya, Njombe na Mafinga huishia jalalani huku mimea ikiwa bado hai. Inaniuma, maana mengi yangechipua Septemba.

Dhana potofu: baridi ndiyo iliyoyaua.
Ukweli: huku kwetu Juni hadi Agosti ni miezi ya baridi na ya ukame kwa pamoja. Mvua imekata, upepo unavuma, jua la mchana linachoma. Kopo linaloning'inia hupigwa na upepo pande zote, na udongo wake ni mchache. Ukikauka kabisa hunywea na kuachana na kingo. Maji unayomwaga hupita pembeni na kutoka chini bila kuigusa mizizi. Wewe unaamini umemwagilia, kumbe mmea una kiu. Ukiona hivyo, literemshe, lizamishe kwenye beseni hadi mapovu yaishe, kisha liache lichuruzike kabla ya kulirudisha.

Wengine hukosea kwa upande wa pili: wanamwagilia kila jioni. Wakati wa baridi mmea hunywa kidogo, na mizizi iliyokaa kwenye tope huoza. Chomeka kidole kwanza. Pakiwa pakavu, mwagilia asubuhi.

Dhana potofu: jalidi, yaani umande unaoganda kuwa barafu, ni ya uwanda wa juu wa Kitulo tu.
Hapana. Usiku mtulivu usio na mawingu, hewa baridi hushuka na kutuama mabondeni, Makete hata Njombe. Begonia hazivumilii. Zisogeze chini ya paa, karibu na ukuta uliopigwa na jua mchana, kwani ukuta huo huachia joto usiku.

Dhana potofu: majani yakiungua, kata yote.
Subiri baridi ipite. Majani makavu yanakinga machipukizi. Kwaruza shina kwa ukucha: kukiwa na kijani, lipo hai.

Dhana potofu: kokoto chini ya kopo huondoa maji.
Kinyume chake, maji hubaki yametuama kwenye udongo ulio juu ya kokoto, karibu zaidi na mizizi. Kinachosaidia ni matundu, na udongo mwepesi. Unapopanda upya mwishoni mwa Septemba, changanya udongo wa bustani na mboji iliyoiva, kisha mchanga mnene au makapi ya mpunga yaliyochomwa, yanayopatikana kwa wingi Mbarali na Kyela. Punguza mizizi iliyooza, kata mashina hadi penye kijani, na usiweke mbolea ya dukani mpaka majani mapya yatokeze.