Kazi ndio imening'inia kwenye sare, sio sare kwenye kazi

Jumapili usiku simu ikalia, kuangalia ni mtoto wa rafiki yangu wa Likoni, yuko huku Marekani mwaka wa saba sa hii, kijana mzuri hana neno. Anko shikamoo. Marahaba baba. Anko nimeipata, ile ya hanga, fundi wa helikopta, kazi ya federo, ya serikali kuu! Nikampa hongera ya moyoni manake najua alivyosota. Alafu akaniangusha. Akasema sasa anko mimi jeshini nimebakisha mwaka na nusu tu, nikimaliza natoka zangu, nabaki na kazi ya kiraia na bima na pensheni, jeshi kwaheri.

Huyu ni wa nne mwaka huu, wa nne! Wote wanaongea kama wamekaririshwa na mwalimu mmoja. Nikamwambia kata simu nitakuandikia, na nikiandika naandika mara moja kwa wote, sirudii tena.

Kwanza tuelewane tunaongea kuhusu kazi gani. National Guard, jeshi la akiba la kila jimbo huku Marekani, sisi tunaliita Gadi, ina wanajeshi wa wikendi, hao mnawajua, drili yaani mazoezi ya jeshi mara moja kwa mwezi na wiki mbili hivi kwa mwaka. Ila zile helikopta za Black Hawk haziwezi kungoja wikendi ifike ndio zibadilishwe mafuta, kwa hivyo kuna sisi, mafundi tunaokuja Jumatatu mpaka Ijumaa. Makaratasi yanatuita dual status, mimi nasema mafundi wa kofia mbili. Sisi ni watumishi raia wa serikali kuu, mshahara wa kiraia, likizo ya kiraia, pensheni ya kiraia. Na sheria hiyohiyo iliyotufanya raia, ile ya mwaka 1968, inasema ili ushike kazi hii lazima uwe mwanachama wa National Guard, uwe na cheo kinachotakiwa na hiyo nafasi, na uvae sare ukiwa kazini. Ndio, sare, Jumanne saa nne asubuhi, raia mtupu amevaa kombati na jina la jeshi kifuani, anafunga nati kwa mshahara wa fundi.

Sasa kijana wangu, soma hapa polepole. Siku unapotoka Gadi, kazi inaondoka na wewe. Haibaki, na hakuna bosi wa kukuonea huruma, manake sheria haimwachii nafasi, inamwambia Adjutant General, yule jenerali mkuu wa Gadi ya jimbo, akuondoe upesi. Kwa kawaida fundi anayetolewa anapewa notisi ya maandishi siku 30 kabla, ila soma vizuri kile kifungu, aliyetoka jeshini kwa hiari yake ametajwa kati ya wale wasiohakikishiwa hata hizo siku 30. Yaani ule mpango wako wa "nikimaliza natoka" ndio umefanyiwa mlango wake maalumu, mwembamba, wa nyuma.

Na kutoka hakumaanishi kutoka kabisa tu. Mwingine ananiambia ah, mimi nitaenda zile za akiba za majina tu, zisizo na drili. Hapo pia umetoka. Lazima uwe kwenye kikosi, unaitwa unakuja.

Najua hii imani inatoka wapi, inatoka sehemu mbili. Ya kwanza, miaka ya karibuni Congress, bunge la Marekani, iliamuru baadhi ya nafasi zigeuzwe za kiraia kabisa, zisizohitaji jeshi, kwa hivyo kwenye hanga moja unaweza kukuta mama wa malipo ambaye hana sare wala drili na anakula pensheni ileile. Mtu anamuona anasema si huyo hapo! Huyo hapo ndio, lakini karatasi yake sio yako. Soma tangazo la kazi, neno dual status likiwepo, basi.

Sehemu ya pili ni dada zetu wa mahospitalini. Fundi wa eksirei ambaye ni mwanajeshi wa akiba, huyo yuko kwenye dunia nyingine kabisa, huyo analindwa na sheria ya USERRA ya 1994. Akiitwa jeshini kazi inamngoja, mpaka jumla ya miaka mitano kwa mwajiri mmoja na kuna misamaha juu yake. Akirudi baada ya miezi miwili anayo siku 14 kuomba kurudi kazini, akikaa zaidi ya siku 180 anayo siku 90. Na bosi akimchukia kwa ajili ya drili zake ni kesi. Kuna bwana mmoja Vincent Staub, fundi wa picha za mishipa kwenye hospitali huko Peoria, Illinois, wasimamizi wake walikuwa wanakerwa na zamu zake za jeshi wakamchongea kwa mkubwa, mkubwa akamfukuza bila yeye mwenyewe kuwa na chuki yoyote, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema hata hivyo mwajiri anaweza kubeba lawama, fitina ya wa chini ikipita kwa mkono wa wa juu bado ni fitina. Raha tupu. Lakini dada huyo wa eksirei akiamua kuacha jeshi kesho, hospitali haina habari. Wewe ukiacha, umeacha vyote. Sasa mkikaa pamoja kwenye harusi mkapeana ushauri ndio mnachanganyana hivi.

Haya, hilo nimelipitisha, lakini sio linaloniudhi zaidi. Linaloniudhi ni swali la "kwani wewe ni askari au raia?" na watu wanataka jibu moja. Hakuna jibu moja. Swali la maana ni saa hiyo ulikuwa nani.

Na hili swali lina damu tangu mwanzo. Mei 1958 angani Maryland, ndege ya jeti ya Gadi iligongana na ndege ya abiria ya Capital Airlines, wote 11 waliokuwa kwenye ile ya abiria wakafa, rubani wa jeti akapona kwa parachuti. Yule rubani alikuwa kapteni wa Gadi na hapohapo fundi raia mtunzaji wa ndege, kofia mbili kama sisi. Familia zikashtaki serikali kuu. Mahakama Kuu mwaka 1965 ikasema kofia yoyote aliyovaa siku ile, alikuwa mtu wa jimbo, sio wa serikali kuu, kwa hivyo serikali kuu hailipi. Miaka mitatu baadaye ndio sheria ya 1968 ikaja ikatufanya mafundi kuwa watumishi wa serikali kuu. Ila kuajiri, kusimamia na kufukuza ikaachiwa jenerali wa jimbo. Washington inalipa, jimbo linaamrisha, na wewe uko katikati na spana mkononi.

Tangu hapo kila kitu kinategemea saa. Ijumaa nafunga pampu ya hydroliki, ni raia. Jumamosi ya drili nafunga pampu ileile kwenye helikopta ileile, buti zilezile, sajenti yuleyule ananiuliza umesaini, na mimi ni askari, na wikendi hiyo moja inahesabiwa vipindi vinne, malipo ya siku nne za jeshi. Ndio maana watu wanasema tunalipwa mara mbili. Hatulipwi mara mbili kwa saa moja, hebu tuache uchochezi. Na ovataimu hatuna! Fundi raia wengine wa serikali wakibakizwa usiku wanalipwa zaidi, sisi sheria imeandika kwa wino kwamba tutapewa saa za kupumzika sawa na zilizozidi, hela hapana. Nimekesha na injini mpaka saa nane usiku nikalipwa usingizi wa siku nyingine.

Sasa umia uone. Mimi mwaka mmoja Ijumaa alasiri niliteleza kwenye ngazi ya matengenezo, kulikuwa na mafuta chini, goti likageuka. Nikajikaza kiume, nikaenda nyumbani nikaweka barafu. Jumamosi drili, saa tano goti limevimba kama embe dodo, medic wa kikosi akaliona akaandika ripoti ya jeshi kwamba nimeumia drilini. Nia yake njema kabisa. Basi! Ukiumia kama raia ni fidia ya Wizara ya Kazi, fomu yake inaitwa CA-1, ukiiwahisha ndani ya siku 30 mshahara unaweza kuendelea mpaka siku 45 ukiwa nje. Ukiumia kama askari ni uchunguzi wa jeshi na matibabu ya jeshi. Mimi nikawa na karatasi ya askari kwa goti la raia. Huku wanasema umeumia Jumamosi nenda jeshini, jeshini wanasema mbona wenzako wanasema ulichechemea tangu Ijumaa. Miezi mitano goti langu halina mwenyewe! Mpaka leo vijana nikiwafundisha kitu cha kwanza sio usalama wa propela, ni kalamu: ukianguka, angalia saa, andika, kabla hujalia.

Na hapo kuna kitu vitabu vya mafunzo vinapita mbio. Goti la raia likiharibika sana, bodi ya madaktari wa jeshi inaweza kusema hufai tena kuwa askari. Ukitolewa jeshini kazi ya kiraia nayo imekwenda, hata kama mikono yako mizima na spana unaishika vizuri kuliko wote. Sheria ina mto wa kuangukia, kuna pensheni ya ulemavu kwa ajili ya mafundi kama hao, na kwa aliyepoteza uanachama baada ya miaka 25 ya utumishi, au ana umri wa 50 na miaka 20 kazini, kuna pensheni ya mapema. Ni vizuri. Lakini niwe mkweli, miaka 17 nimekuwa kwenye hii kazi na bado hiki kipengele hakijanikaa rohoni, mtu anaumia akiwa raia na anafukuzwa kwa kuwa sio askari mzima.

Kwani mahakama nazo zinasemaje? David Babcock, rubani fundi wa Michigan, alifanya kazi hii toka 1975 mpaka 2009, wakampunguzia Social Security, ile pensheni ya taifa ya uzeeni, kwa sababu ana pensheni ya kiraia. Akasema jamani mimi nilikuwa na sare kila siku, hiyo ni pensheni ya jeshi. Januari 2022 Mahakama Kuu ikamwambia, majaji 8 kwa 1, kazi ya fundi ni ya kiraia, sare haibadilishi. Mwaka uliofuata Ohio, majenerali wa jimbo wakasema hawa ni watu wa jeshi, sisi sio wa kubanwa na sheria za serikali kuu za yunioni, vyama vya wafanyakazi. Mahakama 7 kwa 2, mnabanwa. Kwa hivyo Jumanne nina yunioni, ukinionea naandika malalamiko, Jumamosi nikijaribu kujadiliana na kapteni kwa jina la chama ni kosa la jinai. Na kichekesho, ile sheria ya kukata iliyomshinda Babcock ilifutwa kabisa Januari 2025. Bwana alishindwa kesi, alafu Congress ikaja kutupa kile kisu chenyewe.

Mtasema basi si imekaa sawa, raia ni raia. Haijakaa. Ukifukuzwa kazi unaweza kukata rufaa kwenye bodi ya kiraia, ila jambo likihusu kufaa kwako jeshini, mwisho wa rufaa ni Adjutant General. Sasa nani anasema jambo linahusu kufaa jeshini? Unene? Unene ni wa jeshi. Wanakuja na tepu wanakuzungusha kiunoni, ukizidi mara ya pili na ya tatu hawakupi mkataba mpya wa jeshi, mkataba ukiisha kazi imeisha. Mikate ya mayai imewahi kula ajira ya mtu, sitanii. Cheo pia kinakula. Rafiki yangu alikataa kupandishwa, watu wakamcheka, hawajui kwamba cheo kipya kingemweka Jumamosi juu ya mtu ambaye Jumatatu ni bosi wake, na hilo haliruhusiwi, angelazimika kuhama nafasi na nafasi hamna.

Likizo ya jeshi nitaenda haraka. Zilikuwa siku 15 kwa mwaka wa fedha kwa miaka mingi, Desemba 2024 zikasogezwa kuwa 20, na zinakatwa kwenye siku zako za kazi tu, usikubali karani akukatie Jumapili. Bima ndio mzaha. Kijana anayepeleka pitsa wiki nzima na kuja drili mara moja kwa mwezi anaweza kununua bima ya jeshi ya TRICARE kwa bei poa, mimi ninayeshinda na hizo helikopta nimezuiwa kwa sababu eti nina haki ya bima ya watumishi wa serikali, ambayo ni ghali zaidi. Imeshapitishwa kwamba zuio liondoke, tarehe 1 Januari 2030. Goti langu limeambiwa lisubiri.

Kwa hivyo baba, chukua hiyo kazi, mimi siiachi. Ila usiichukue kwa hesabu ya kutoka. Ukitaka kazi ya kiraia isiyo na jeshi, tafuta tangazo lisilo na yale maneno mawili.

Nilimtumia haya yote kwa simu kabla ya kuyaweka hapa. Akakaa kimya siku mbili. Jana akarudisha sauti ya sekunde sita: anko, hiyo tepu wanapima kabla au baada ya chakula cha mchana?