Lori linalotambaa na bodaboda inayokimbia

Nimesahihisha madaftari ya kidato cha pili hadi saa nne usiku, na sentensi ni ileile: "Lori lina nishati mwendo kubwa kwa sababu ni zito." Mwaka jana niliisoma, na mwaka juzi. Swali lilikuwa: kipi kina nishati mwendo (nishati ya kitu kinachosogea) kubwa zaidi, lori au bodaboda? Namba zote zilikuwemo. Lori la kilo 10,000 linatambaa mita 2 kwa sekunde, kama linalotafuta pa kupaki. Bodaboda na dereva wake, jumla kilo 200, wanakwenda mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa. Wengine hata hawakukokotoa. Waliona neno lori, wakafunga daftari.

Haya. Nusu ya tungamo (zile kilo), zidisha kasi, zidisha kasi tena, jibu ni kwa jouli, kipimo cha nishati. Lori: jouli 20,000. Bodaboda: jouli 40,000. Tungamo la bodaboda ni sehemu moja ya hamsini ya lori, lakini nishati yake ni maradufu. (Wale wanaopiga mraba tungamo na kasi kwa pamoja nitawaandikia siku nyingine, leo nimechoka.)

Niliporudisha madaftari, mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Lakini Mwalimu, lori halisimamishiki kirahisi!" Darasa zima likamuunga mkono. Na ukweli ni kwamba hajakosea. Amejibu swali ambalo sikuuliza.

Ngoja nilifafanue hili neno "kusimamisha", maana ndilo linaloharibu mtihani. Chukua kani ya newtoni 1,000, ivute bodaboda kwa nyuma, kisha ilivute lori vilevile. Lori litasimama baada ya sekunde 20, likiwa limesogea mita 20. Bodaboda itasimama baada ya sekunde 4 tu, ila itakuwa imekwenda mita 40. Ukishika saa, lori ndilo sumbufu. Ukishika futi kamba, bodaboda ndiyo sumbufu. Lori linakuchelewesha, bodaboda inakuburuta. Mwenye saa anazungumzia momenta, yaani tungamo mara kasi, na hapo lori linashinda mara tano. Mwenye futi kamba anazungumzia nishati. Mwanafunzi wangu ameshika saa, halafu anaandika jibu kwenye mstari wa futi kamba.

Simcheki sana, maana wakubwa zake waligombana kwa jambo hilohilo. Mwanafalsafa na mwanahisabati Leibniz alishambulia mawazo ya mwenzake Descartes mwaka 1686, akidai kipimo sahihi ni tungamo mara mraba wa kasi, si tungamo mara kasi. Huko Uholanzi, mwanafizikia 's Gravesande akadondosha mipira ya shaba kwenye udongo laini: kasi mara mbili, shimo mara nne. Mwaka 1740, miaka zaidi ya 50 baada ya ugomvi kuanza, Émilie du Châtelet wa Ufaransa bado alikuwa anaandika kuutetea mraba. Mimi napewa vipindi vinne.

Mraba wenyewe unatoka wapi? Fikiria unafunga breki. Kasi ikiwa mara mbili, unahitaji muda mara mbili kusimama. Na katika muda huo wote, wastani wa mwendo wako nao ni mara mbili. Mbili mara mbili. Hakuna uchawi.

Ila mkono hauuamini mraba hadi uonyeshwe barabarani. Magari mawili yanayofanana yanafunga breki sehemu moja, kwa nguvu ileile. La kwanza lilikuwa kwenye kilomita 50 kwa saa, la pili kwenye 70. Pale la kwanza linaposimama kabisa, la pili linakwenda kwa kasi gani? Darasani wote hujibu 20. Piga hesabu kwa mraba wa kasi: 4,900 toa 2,500 ni 2,400, na kipeuo chake cha pili ni kama 49. Bado lina kilomita 49 kwa saa! Mtoto anayevuka hapo anagongwa na gari ambalo, kwa hesabu ya kichwani, lilikuwa "limekaribia kusimama".

Sasa na mimi nikiri. Katika hesabu ya umbali wa kusimama, kitabu kinafuta tungamo pande zote mbili: lori likijaa, nishati inapanda, lakini msuguano wa tairi na lami nao unapanda, kwa hiyo umbali wa kusimama ni uleule. Nilifundisha hivyo kwa kifua mbele mpaka mzazi mmoja, dereva wa malori, aliponisikiliza siku ya kikao na kucheka. "Mwalimu, shuka mteremko wa Kitonga na tani 30, halafu uje unifutie hiyo tungamo."

Alikuwa na haki. Kule kufutana kunafaa pale kikomo kikiwa ni tairi. Kwenye mteremko mrefu kikomo ni breki: mzigo ukiwa mara mbili, joto ni mara mbili, na dramu za breki ni zilezile. Zikichemka zinashika kidogo, ndiyo maana madereva wenye akili wanashuka kwa gia nzito na kuiachia injini kazi. Bado nafundisha ile hesabu ya kufutana, maana mtihani unaitaka, ila sauti yangu imeshuka.

Jumatatu nawapa jaribio jingine. Lori la kilo 10,000 limepaki chini ya mwembe, dereva amelala. Nishati mwendo yake ni kiasi gani? Najua wapo watakaoligawia jouli.