Ziara ya miguu yenye mwongozaji ni nini? Tuitazame Firenze

Ziara ya miguu yenye mwongozaji ni matembezi ya kundi la watu katikati ya mji, kwa njia iliyopangwa, wakiwa na mtu aliyesomea historia na sanaa ya mji huo. Anawasimamisha mbele ya jengo, sanamu au mchoro na kuwaeleza kilicho mbele yao. Kwa kawaida huchukua saa mbili au tatu. Katika miji ya Italia inayojaa wageni, kila mmoja huvaa kisikilizi sikioni, mwongozaji akaongea kwa sauti ya kawaida na bado akasikika hata na aliyebaki nyuma. Venice ilikwenda mbali zaidi: tangu 2024 kundi haliruhusiwi kuzidi watu 25, na vipaza sauti vimepigwa marufuku.

Bado hapo hatujafika kwenye kiini. Tarehe za majengo na majina ya wachongaji yamo kwenye simu ya kila mtu. Kinacholipiwa ni kuunganishiwa kitu na sababu yake, pale pale kilipo. Kwa nini sanamu hii imesimama hapa na si kule? Nani aliilipia, na alitaka jirani yake aone nini? Ziara isiyojibu maswali ya namna hiyo ni kutembezwa tu.

Firenze, mji wa Italia uitwao pia Florence, ni mahali pazuri pa kulielewa jambo hili, kwa sababu sehemu yake ya kale ni ndogo na tambarare. Kutoka Kanisa Kuu, Santa Maria del Fiore, hadi uwanja wa Piazza della Signoria ni mwendo wa dakika chache kwa barabara ya Via dei Calzaiuoli. Njiani kuna jengo zito la mawe liitwalo Orsanmichele, ambalo wengi hulipita wakiwahi mbele. Mimi ningemwomba mwongozaji atusimamishe hapo kwa muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

Orsanmichele lilianza kujengwa mwaka 1337 likiwa soko la nafaka. Baadaye matao yake ya chini yalizibwa likawa kanisa, lakini ghala la juu liliendelea kuhifadhi nafaka. Ukiingia ndani, utaona kwenye nguzo matundu ambayo nafaka iliteremkia. Nje, kuta zote nne zina vishubaka vya sanamu, na karibu kila kishubaka kilikuwa cha chama cha kazi fulani: wafanyabiashara wa nguo, mabenki, mafundi mawe, wahunzi wa silaha. Kila chama kilimweka mtakatifu wake msimamizi, na ushindani ulikuwa wa wazi. Chama cha Calimala, cha matajiri wa biashara ya nguo, kilimwagiza Lorenzo Ghiberti amtengeneze Yohane Mbatizaji kwa shaba, madini yaliyogharimu mara nyingi zaidi ya marumaru. Mabenki nao wakamtaka Ghiberti huyo huyo awafanyie Mathayo wa shaba, asiyepungua yule wa Calimala kwa ukubwa.

Sasa tazama miguu ya Mtakatifu Marko, aliyechongwa na Donatello kati ya 1411 na 1413. Amesimama juu ya mto, mto wa kitambaa, ingawa ni marumaru tupu. Unaona unavyobonyea chini ya uzito wake. Sababu yake ni kwamba waliolipa walikuwa wauza kitani, na hiyo ndiyo biashara yao chini ya nyayo za mtakatifu. Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya wasanii hawa zaidi ya karne moja baadaye, anasimulia kwamba wakuu wa chama waliiona sanamu ikiwa chini wakaikataa. Donatello akaomba aipandishe kwenye kishubaka chake, akaifunika siku 15 bila kuigusa, alipoifunua wakaistaajabia. Mwongozaji mwaminifu atakwambia kwamba hiyo ni simulizi ya Vasari, haina hati ya kuithibitisha. Atakwambia pia kwamba sanamu za nje leo ni nakala, na kwamba nyingi za asili zimehifadhiwa katika makumbusho yaliyo ghorofani humo humo.

Kutofautisha asili na nakala ni nusu ya kazi yake, na naiheshimu sana. Daudi wa Michelangelo aliye mbele ya Palazzo Vecchio, jumba la serikali ya mji kwenye Piazza della Signoria, ni nakala ya mwaka 1910. Yule wa 1504 alihamishiwa makumbusho ya Accademia mwaka 1873. Hatua chache pembeni, chini ya matao ya Loggia dei Lanzi, Perseo, shujaa wa hekaya za Kigiriki, aliyetengenezwa kwa shaba na Benvenuto Cellini, ni yule yule aliyezinduliwa 1554. Na uso wa Kanisa Kuu, wenye marumaru nyeupe, kijani na waridi, ambao wageni huuhesabu kuwa wa zama za kati, ulikamilika 1887.

Kuba lililo nyuma ya uso huo ni habari nyingine. Filippo Brunelleschi, aliyeanza maisha akiwa sonara, alilisimamia kuanzia 1420 hadi 1436 juu ya tundu lenye upana wa karibu mita 45, bila kiunzi cha mbao cha kulishikilia kutoka chini. Alijenga makuba mawili, moja ndani ya jingine. Matofali aliyalaza, na kila baada ya nafasi akasimamisha mengine wima, mpangilio ambao Waitalia huuita mfupa wa samaki. Yale ya wima yaliyazuia yaliyolazwa yasiteleze kabla chokaa haijakauka. Hayo huyaoni ukiwa uwanjani. Utayaona ukipanda ngazi 463 zinazopita katikati ya makuba hayo.

Ndani ya Palazzo Vecchio kuna mchoro ambao Mwafrika Mashariki angefurahi kuuona. Ni Lorenzo de' Medici, mtawala wa Firenze, akipokea zawadi, na miongoni mwazo yumo twiga, aliyetumwa na Sultani Qaitbay wa Misri mwaka 1487.

Nchini Italia, kuongoza watalii ni taaluma yenye leseni, na sheria ya mwaka 2023 imeweka mtihani wa kitaifa. Utakutana pia na ziara zinazotangazwa kuwa za bure: hazina bei, lakini mwishoni unatarajiwa kumpa mwongozaji chochote. Zote mbili zinaweza kuwa nzuri. Kabla ya kulipa, uliza kama tiketi za kuingilia zimo, kwa sababu ziara nyingi huishia milangoni, na kupanda kuba kunahitaji kuweka nafasi ya siku na saa mapema. Uliza kundi lina watu wangapi. Na kama mtaingia kanisani, vaa nguo inayofunika mabega na magoti.