Je, wajua kwa nini mabingwa wa kupiga makasia huwa warefu sana, na kwa nini hutegemea miguu kuliko mikono?

Anayetazama mashindano ya kupiga makasia kwa mara ya kwanza huona mikono ikivuta, na ni rahisi kudhani kwamba huu ni mchezo wa mabega na misuli ya mikono. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya nguvu inayosukuma boti hutoka miguuni, na siri yake imo katika kiti. Kiti cha mpiga makasia wa mashindano hakikufungwa mahali pamoja. Kina magurudumu madogo na huteleza juu ya reli mbili fupi, ilhali miguu imevishwa viatu vilivyokazwa kwenye kibao ndani ya boti.

Pigo huanza mchezaji akiwa amejikunja, magoti yamekaribia kifua na mikono imenyooka. Hutumbukiza bapa la kasia majini, na papo hapo hukisukuma kile kibao kwa miguu yote miwili. Miguu inapokaribia kunyooka, kiwiliwili hulala nyuma, na mwishoni kabisa ndipo viwiko vinapokunjwa ili mpini ufike chini ya mbavu. Kwa muda mwingi wa pigo, mikono ni kama kamba iliyofungwa kati ya kasia na mgongo: kazi yake ni kutolegea. Ndiyo maana mapaja, makalio na misuli ya kiuno ya wachezaji hawa hujengeka sana, na ndiyo maana pia maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo na nyufa ndogo katika mifupa ya mbavu ni majeraha yanayojulikana sana katika mchezo huu.

Urefu una faida iliyo wazi. Mwenye mapaja na mikono mirefu huanza pigo mbali zaidi, hivyo bapa lake husafiri njia ndefu zaidi majini kabla ya kutolewa. Mbio za kawaida za kimataifa ni za mita 2000, na mchezaji hupiga zaidi ya mapigo 200 kabla ya kuzimaliza, kwa kasi ambayo mara nyingi hukaribia mapigo 36 hadi 40 kwa dakika. Sentimita chache za ziada katika kila pigo hujumlishwa mara zote hizo. Miongoni mwa wanaume wa ngazi ya juu, urefu wa mita 1.90 au zaidi ni jambo la kawaida, na wanawake wengi hufikia au kukaribia mita 1.80. Steve Redgrave wa Uingereza, aliyeshinda dhahabu katika Olimpiki tano mfululizo kuanzia 1984 hadi 2000, ana urefu wa zaidi ya mita 1.90.

Kuhusu uzito, mchezo huu unatofautiana kabisa na mbio za nchi kavu. Mkimbiaji hubeba kila kilo ya mwili wake katika kila hatua, lakini mpiga makasia ameketi, na uzito wake hubebwa na maji. Mwili mzito huzamisha boti kidogo zaidi na kuongeza eneo linalosuguana na maji. Hasara hiyo, hata hivyo, ni ndogo ikilinganishwa na nguvu inayoletwa na misuli mingi, mapafu makubwa na moyo mkubwa. Na nguvu hiyo inahitajika kwelikweli, kwa sababu maji hayana huruma kwa anayetaka mwendo: ili boti iende kwa kasi maradufu, inahitaji nguvu ya takriban mara 8.

Kinachonishangaza zaidi ni yale yanayotendeka ndani ya kifua. Mita 2000 huchukua takriban dakika 5 na nusu kwa boti ya wanaume 8, na dakika 7 au zaidi kwa mwanamke anayepiga peke yake. Muda huo ni mrefu mno kwa mtu anayetegemea nguvu za ghafla, na ni mfupi mno kwa anayetaka kujipimia polepole. Mapigo ya mwanzo, yanayoitoa boti katika hali ya kusimama, huwa makali sana, na asidi ya laktiki huanza kujikusanya katika misuli mapema. Baada ya hapo mchezaji hana budi kuendelea kwa dakika kadhaa akiwa tayari na deni hilo, huku sehemu kubwa ya nishati, robo tatu au zaidi, ikitokana na oksijeni anayoivuta. Wanaume walio bora hutumia zaidi ya lita 6 za oksijeni kwa dakika, takriban maradufu ya kijana mwenye afya asiyefanya mazoezi.

Kupumua kwenyewe si jambo jepesi. Mwanzoni mwa kila pigo magoti hulibana tumbo, na misuli ileile ya kiwiliwili inayosaidia kuvuta hewa hutakiwa pia kuushikilia mgongo usilegee. Kwa hiyo wachezaji hufunzwa kulinganisha pumzi na pigo, na mapafu makubwa huwa hazina halisi. Mapafu ya Pete Reed, Mwingereza aliyeshinda dhahabu tatu za Olimpiki, yalipimwa na kukutwa na ujazo wa zaidi ya lita 11, ilhali mwanamume wa kawaida ana takriban lita 6. Moyo nao hubadilika kwa miaka ya mazoezi: vyumba vyake hupanuka na kuta zake huwa nene, kwa kuwa kila pigo huupandisha mgandamizo wa damu na mbio nzima hudai damu nyingi.

Mwili wa namna hiyo haujengwi kwa mazoezi makali pekee. Muda mwingi wa mazoezi hutumika kwa mwendo wa wastani, saa nyingi kila wiki, majini na kwenye mashine ya kupigia makasia ambayo hupima nguvu ya kila mmoja. Mwaka 2018 Josh Dunkley-Smith wa Australia alimaliza mita 2000 kwenye mashine kwa dakika 5 na sekunde 35.8. Lakini mashine haiyumbi. Boti ya mtu mmoja ina urefu wa takriban mita 8, ni nyembamba mno, na inaruhusiwa kuwa na uzito wa kilo 14 tu; anayerudi mbele kwa pupa juu ya kiti chake huipunguzia kasi kwa uzito wake mwenyewe. Katika fainali ya Rio 2016, Mahe Drysdale wa New Zealand na Damir Martin wa Kroatia waliandikiwa muda uleule, dakika 6 na sekunde 41.34, na picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyompa Drysdale dhahabu.

Kwa kuwa maumbo makubwa hupendelewa hivyo, Olimpiki ilianzisha mwaka 1996 mbio za uzani mwepesi, ambamo mwanamume hakuruhusiwa kuzidi kilo 72.5 wala mwanamke kilo 59. Mbio hizo ziliondolewa katika ratiba ya Olimpiki baada ya Paris 2024. Nafasi yake imechukuliwa na mbio za pwani, zitakazoanza Los Angeles 2028, ambamo mchezaji hukimbia mchangani, hupiga makasia katika mawimbi, kisha hukimbia tena hadi mwisho. Na hapo, kwa muda mfupi, uzito wa mwili haubebwi tena na maji.