Waliamuliwa, hawakusuluhishwa

Mgomo wa treni au mabasi ukinukia mahali, husikika sentensi ileile: "Suala la mishahara limekwenda kwenye usuluhishi, watakubaliana tu." Nimeisikia mara nyingi mno, na mara nyingi jambo lililokwenda huko si la kukubaliana hata kidogo. Limekwenda kuamuliwa.

Uamuzi unaofunga ni hivi: mwajiri na chama cha wafanyakazi wameshindwa kuelewana kuhusu mshahara, bima ya afya, likizo na mengineyo, basi mambo yanapelekwa kwa mwamuzi. Mara nyingi ni jopo la watu watatu, mmoja wa kila upande na wa tatu asiyeegemea popote. Wakishasema, pande zote mbili zimefungwa.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Usuluhishi ni mtoto wa suluhu, na suluhu imetoka katika Kiarabu, sulh, amani baada ya ugomvi. Suluhu haipo mpaka wagomvi wenyewe wairidhie. Msuluhishi huenda huku, akarudi kule, akabembeleza, akapendekeza. Akikataliwa, hana la kufanya. Kuamua ni kitu kingine. Bado tunasema "nendeni mkawaamue" watu wanapopigana, na anayewaamua hawaulizi kama wako tayari kuachana. Ndiyo maana mwenye filimbi uwanjani ni mwamuzi. Hakuna timu inayopigia kura penalti.

Tanzania ina Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa migogoro ya kazi, na jina lake lina maneno mawili kwa sababu kazi ni mbili. Najua pia kuna Sheria ya Usuluhishi, ambayo imelitumia neno hilo kwa kazi ya kuamua, na hapo watu wengi wanapotea kwa haki kabisa. Lakini kwenye mishahara tofauti hii si ya wanasarufi. Ndiyo inayosema kama mfanyakazi ana nafasi ya kukataa.

Tazama New York. Baada ya mgomo wa siku 12 wa treni na mabasi mwaka 1966, jimbo lilitunga Sheria ya Taylor ya 1967 iliyowakataza watumishi wa umma kugoma. Anayegoma hukatwa mshahara wa siku mbili kwa kila siku ya mgomo. Kwa wafanyakazi wa usafiri wa jiji, mazungumzo yakikwama, njia iliyobaki ni jopo. Desemba 2005 waligoma hata hivyo, siku tatu, na chama chao kikatozwa faini ya dola milioni 2.5. Januari 2006 wanachama waliukataa mkataba uliopendekezwa kwa tofauti ya kura 7, katika kura zaidi ya 22,000. Miezi michache baadaye wakapiga kura tena, wakaukubali, ila safari hii mwajiri ndiye aliyesema umekwisha muda. Jambo likaenda kwa jopo, na Desemba 2006 jopo likatoa mkataba unaofanana kwa sehemu kubwa na ule ule. "Hapana" yao haikuuzuia, na "ndiyo" yao haikuuleta. Kuita hayo usuluhishi ni kuwanyima watu wale maelezo ya kilichowapata.

Wala uamuzi hauumizi upande mmoja siku zote. Mwaka 2009 jopo liliwapa wafanyakazi haohao wa New York nyongeza ya asilimia 11.3 kwa miaka mitatu. Mwajiri akakimbilia mahakamani kuipinga, akashindwa.

Kuna na neno "tuzo", linalotumiwa kisheria kwa hati ya uamuzi wa jopo. Msomaji akiona "wafanyakazi wapewa tuzo" anawaza kombe na makofi. Tuzo hiyo inaweza kuwa nyongeza, na inaweza pia kuwa agizo la kuchangia bima ambayo jana hukuichangia. Anayeandika habari aongeze maneno mawili tu, "tuzo ya uamuzi", msomaji ataelewa.

Basi jopo likishatoa neno lake, tuseme mishahara "imeamuliwa". "Wamekubaliana" tuliweke kwa siku ambayo wamekubaliana kweli, na "wamesuluhishwa" kwa siku ambayo wangeweza kukataa.